Breki za Mbele za Mnyamwezi

Mwinyimvua alikuwa fundi wa breki, na breki tu. Injini hakuzigusa, wala umeme wa gari, wala bodi. Gereji yake ilikuwa kiwanja kidogo huko Gerezani, hatua chache kutoka Kariakoo, chenye mabati pande mbili na turubai la kukinga jua. Jirani yake alikuwa Ignasi, mchomeleaji, Mngoni aliyekuja mjini tangu enzi za Mwingereza. Kazi hiyo Mwinyimvua aliianza ujanani, na sasa, akiwa amevuka miaka hamsini, ilikuwa imemchosha mpaka mifupani. Vumbi la breki lilikuwa limemkaa kifuani. Alikohoa kila asubuhi, hata mkewe, Kuruthumu, akaacha kumwuliza kama amekunywa dawa. Lori za mchanga na kokoto, zilizokuwa zikienda kunakojengwa soko jipya, zilipita mbele yake mchana kutwa, na madereva wake walikuwa na neno moja tu: "Fundi, fanya inavyowezekana."

Neno hilo lilimchosha kuliko kazi yenyewe. Spea zilikuwa zimeanza kuadimika, hilo ni kweli, lakini si kila aliyelisema neno hilo alikuwa amekosa spea. Wengi walikuwa wamekosa subira. Mtu anataka gari lake liondoke. Litasimamaje huko mbele, hilo anawaachia wanaokwenda kwa miguu.

Katika wateja wote hao, mmoja tu ndiye aliyemfanya acheke. Huyo alikuwa Ramadhan, dereva wa teksi, Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa miaka thelathini na kitu. Mwinyimvua alikuwa Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Watu hao hutukanana mbele ya wakwe, hunyang'anyana tonge mkononi, huchukua kofia ya mwenzao kichwani wakaenda nayo, hulizuia jeneza lake mpaka walipwe, na anayekasirika ndiye mwenye aibu.

"We mpagazi," Mwinyimvua alikuwa akimwambia, "mzigo wa bwana wako umeutua wapi leo?"

"Nimeutua kifuani kwa Mzaramo. Huoni unavyokohoa?"

Na hapo Mwinyimvua hucheka mpaka kikohozi kinamshika kweli, na Ignasi huinua kioo chake cha kuchomelea ili acheke naye. Siku ambayo Ramadhan hakupita, kazi ilikuwa ndefu zaidi.

Ramadhan alikuwa na Zefa, gari kubwa la miaka ya hamsini, jeusi, lenye pua ndefu na vyuma vinavyong'aa. Siku za kazi lilikuwa teksi. Alfajiri lilibeba akina mama na matenga yao ya nyanya kutoka sokoni, mchana likapeleka wagonjwa hospitali. Jumapili asubuhi lilikwenda Barabara ya Pugu, kwenye kipande kilichonyooka, kushindana na magari ya vijana wa Upanga. Magari mawili yanasimama sambamba, mtu anaangusha leso, na anayetangulia kwenye nguzo fulani ndiye mshindi. Mwinyimvua hakuupenda mchezo huo. Aliona ni kuchoma petroli ya nchi isiyokuwa na kisima cha petroli, ili watu wazima wapigiwe makofi. Lakini alinyamaza, kwa kuwa Zefa ya kawaida haikuwa na mbio za kumtisha mtu.

Kisha Ramadhan akapata injini ya silinda nane, iliyotolewa kwenye gari la Kimarekani lililopinduka. Mafundi wa mtaa wa pili waliipachika ndani ya Zefa kwa wiki kadhaa. Karatasi za gari zilikuwa sawa, maana lilikaguliwa kabla ya injini kubadilishwa. Kwa nje lilikuwa Zefa ile ile ya kizamani, na hilo ndilo lililomfurahisha Ramadhan. Vijana wa Upanga wasingejua kilichowapita.

Alilileta kwa Mwinyimvua. "Panda, Mzaramo. Leo utaiona Tabora bila ya kupanda treni."

Walikwenda mpaka Barabara ya Pugu. Ramadhan alikanyaga mafuta, na Mwinyimvua akasikia mgongo wake ukizama kwenye kiti. Mara ya kwanza breki zilishika vizuri. Mara ya pili, mwendo ukiwa ule ule, alisikia harufu anayoijua, ya kitambaa cha breki kinachoungua. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe na gari halisimami. Lilipita pale lilipotakiwa kusimama, likakipita na kibanda cha muuza madafu, likaenda kukwama kwenye mchanga kando ya barabara. Muuza madafu alikuwa amekwisha kimbia.

"Si limesimama?" alisema Ramadhan, huku akicheka.

Mwinyimvua alishuka, akashika gurudumu la mbele, akaondoa mkono upesi kwa moto. Breki zile za ngoma, ambazo ndani yake viatu vya breki vyenye kitambaa hicho hutanuka na kusugua, zilikuwa zinatosha kwa injini ya zamani. Kwa injini hii zilipata moto mara moja, na zikipata moto hazishiki. Hapakuwa na haja ya kubishana.

"Ramadhan, gari hili litaua mtu."

"Litaniua mimi, wewe ule pilau ya hitima. Nakujua, Mzaramo. Unataka nife nikiwa na kilo zangu, jeneza lisiwe jepesi."

"Sitanii."

"Mimi pia sitanii! Mchele uwe wa Shinyanga!"

Mwinyimvua aliupulizia mkono wake uliopata moto. Miaka yote hiyo alikuwa amemtabiria Ramadhan kifo cha kila aina: kuzama, kuliwa na fisi, kupigwa na wakwe. Leo alipokiona kifo chenyewe kimekaa kwenye gurudumu, maneno yalikuwa yale yale.

Yeye mwenyewe alikuwa na dawa ya jambo hilo. Nyuma ya gereji alikuwa ameweka breki za mbele za sahani, alizozitoa kwenye Zefa ya toleo la baadaye iliyogongana na lori Chalinze. Hizo ni sahani za chuma zilizo wazi kwa upepo, zikibanwa na pedi pande mbili, na hazichoki upesi. Aliziosha, akazikagua, akamwonyesha Ramadhan.

Ramadhan alizigeuza kwa mguu. "Nzito. Zinaongeza uzito puani. Na hizi pedi hazibanduki, zinagusagusa sahani, zinanipunguzia mbio. Tena rimu zangu nyembamba za kizamani haziingii hapa. Nivae rimu za gari jingine, wale vijana wajue? Hapana. Nitilie kitambaa kipya kwenye ngoma zangu, basi."

"Ngoma hazifai."

Ignasi akadakia kutoka kwake: "Jamani, sikieni! Mzaramo anakataa ngoma!"

Watu waliokuwa wakisubiri magari yao wakaangua kicheko. Mwinyimvua alingoja kinyamaze. Akafuta mikono yake kwa pamba, akasimama wima, na kusema, "Ndugu Ramadhan, nakuomba unisikilize."

"Ndugu!" Ramadhan alijishika tumbo. "Leo tuko mkutanoni? Ndugu mwenyekiti, naomba nafasi! Mjumbe kutoka Tabora anasema ngoma zibaki!"

Kicheko kikaanza upya. Mwinyimvua alikaa juu ya tairi bovu, akachoka kweli.

Nyumbani alimweleza Kuruthumu. Mkewe alikuwa akichambua mchele na hakuinua kichwa.

"Si umkatalie tu? Mwambie apeleke kwingine."

"Kwingine watamfanyia anavyotaka. Kila mtu mtaa ule anajua kufanya inavyowezekana."

"Basi si dhambi yako."

Mwinyimvua alifikiri juu ya neno hilo. Lilikuwa neno la kumpumzisha, na alikuwa na hamu ya kupumzika. Lakini aliwajua akina mama wa matenga, wanavyojazana kiti cha nyuma na watoto wamelala mapajani. Mtu anayeijua hatari kisha akanawa mikono kwa sababu mwingine ndiye atakayeshika usukani, huyo hajaepuka kosa. Amelikabidhi tu. "Mimi nimeliona," alimwambia mkewe. "Nikishaliona, limekuwa langu."

Ijumaa Ramadhan aliacha gari litiwe kitambaa kipya, akaenda msikitini na kisha kwa jamaa zake Magomeni. Mwinyimvua alipiga jeki. Alifungua ngoma zote mbili za mbele, akafunga sahani, akafunga makucha yanayoshika pedi, akatia mafuta mapya ya breki, akatafuta rimu mbili pana zinazokubali. Kazi ya siku mbili aliifanya kwa siku moja, magoti yakimlilia. Zile ngoma alizibeba mwenyewe kwa Ignasi.

"Zikate."

"Zote? Hizi nzima, mzee. Na mwenyewe kasemaje?"

"Mwenyewe ni mtani wangu. Nimechukua vitu vyake. Wewe kata."

Ignasi alimtazama, akaona hacheki, akawasha moto.

Jumamosi Ramadhan alipofika, Mwinyimvua hakumficha. Alimwambia mbele ya watu, kabla hajagusa mlango wa gari: "Ngoma zako nimezichukua, mpagazi. Nimezikata. Mimi mtani wako, nina haki."

Ramadhan alicheka, akaenda kutazama, akaziona rimu. Kicheko kilimfia mdomoni. Watu walikuwa wakimtazama. Akikasirika, yeye ndiye atakuwa ameuvunja utani wa babu zake hadharani, kwa ajili ya vyuma viwili. Akasema, "Mzaramo mwizi," kwa sauti ndogo, na watu wakacheka kwa niaba yake. Akaingia ndani akaondoka. Siku nzima, watu walisema, alizunguka Kariakoo na Ilala akitafuta ngoma nyingine za Zefa, asipate.

Jumapili alishindwa. Kijana wa Upanga alimtangulia kwa urefu wa pua ya gari.

Jumatatu asubuhi alikuja, akasimamisha gari mbele ya turubai, akashuka polepole.

"Nimeshindwa."

"Nimesikia."

"Wamenicheka barabara nzima. Wameuliza kama hizo rimu nimeazima kwa mkokoteni." Akaufunga mlango wa gari. "Sasa nisikilize. Chukua kofia yangu, chukua chakula changu, nikifa lizuie jeneza langu. Gari ni kazi yangu. Kwenye kazi yangu utani hakuna."

"Ndivyo nilivyokuwa nikikwambia," alisema Mwinyimvua. "Nilisema kwanza mimi. Ukacheka."

Ramadhan alizitazama zile rimu pana. Lori la kokoto likapita, wote wawili wakageuza nyuso wasiingiwe na vumbi. Lilipokwisha kupita, Ramadhan alijipangusa shati.

"Basi uishe," alisema Ramadhan.

"Uishe."

Utani wa makabila haumalizwi na watu wawili, kila mtu anajua, lakini wao waliumaliza, na Ignasi, aliyekuwa amekwisha inua kioo chake ili acheke, akakishusha.

Ramadhan hakuondoka. Alisimama karibu na gurudumu la mbele, akaligusa kwa ncha ya kiatu. "Breki ya kulia inavuta kidogo," alisema. "Naomba unitazamie, fundi. Kuna wagonjwa wa kupeleka saa nne."

Mwinyimvua alileta jeki. Alipiga magoti, akafungua gurudumu, akakuta pedi moja inakwama. Akaisafisha na kuirudisha, na muda wote huo hakuna aliyemtukana mwenzake. Kisha wakapanda wote wawili, wakaenda mpaka mwisho wa mtaa kujaribu. Ramadhan alikanyaga breki kwa nguvu, tena na tena, na kila mara gari likasimama pale pale, bila kuvuta kulia wala kushoto.

"Asante sana, fundi."

"Haya. Pole kwa kusubiri."

Ramadhan alimshusha mbele ya turubai na kwenda zake kupanga foleni stendi ya teksi. Mwinyimvua alibaki amekaa juu ya tairi, akiyasugua magoti, na dereva wa lori aliyekuwa wa kwanza kungoja akamwacha apumue kidogo kabla ya kumwita.