Punda wa Herufi Tatu

Rafiki zangu, leo naeleza bila kujificha, juu hata nikificha, kuko watu mu Bunia hii ambao walikuwa mule sale, nyumba ya mikutano ya parokia, na wanakumbuka kuliko miye: ile siku nilijipakaa haya mbele ya parokia nzima, na hakuna mutu alinisukuma.

Ilikuwa bado wakati wa Zaïre, miye niko mwalimu wa darasa la pili kule Shari. Kila samedi, ndiyo Jumamosi, nyuma ya masomo, tulikuwa tunakutana watu watatu mu studio ya Katembo, mupiga picha wa kartie Lumumba, kwa kufanya mokruaze (vile vijumba unajaza herufi moja moja, kwa Kifaransa). Revi, lile gazeti lenye mokruaze, ilikuwa ya Muzee Kabagambe, karani wa zamani, ilikuwa inamufikia na avio, ndege ya toka Kinshasa, na hakuna mutu alikuwa na ruhusa ya kurudi nayo kwake. Muzee anasoma ulizo, tunatafuta neno, na neno linafungua habari: tunaanza na mwimbaji, Katembo anatueleza viatu vya ule mwimbaji na namna aligombana na orkestre yake, Muzee anaingiza sinema ya kule Kisangani, na tunamalizia mahali hakuna mutu alifikiri. Siku moja neno lilikuwa «pluie», mvula tu, na Muzee akaweka kalamu chini akatueleza namna muke wake alikufa mu masika, barabara imekatika, hakuna gari ya kumufikisha ku hospitali. Njo sababu nilikuwa napenda ile studio.

Lakini nilikuwa na shida moja. Baba yangu alikatalia radio mu nyumba, alisema ni mudomo wa shetani, basi mambo ya waimbaji, ya sinema, ya mupira, sikujua hata kidogo. Na kusema «sijui» mbele ya wale wanaume wawili? Miye, Kavira, mwalimu muzima? Nilikuwa nasema «iko hapa ku ulimi», Katembo akijibu napiga makofi, «voilà, njo ile!»

Sasa Padri akatangaza kama ku sikukuu ya parokia kutakuwa mashindano ya mokruaze, ile ya numero ya mwisho ya Muzee, na mwenye kushinda atapewa ufunguo na kazi ya kuchunga nyumba ya vitabu ambayo parokia ilikuwa inafungua. Ule ufunguo niliutaka sawa mwenye njaa anavyotaka bugari. Watoto wangu walikuwa wanasoma sita sita juu ya kitabu kimoja, vichwa vinagongana.

Ile wiki kaka yangu, shofere wa kamiyo, lori ya mizigo, akarudi toka Kisangani. Kule Niania alinunua sabuni, wakamufungia mu karatasi ya revi. Nafungua sabuni, naona nini? «Majibu ya numero iliyopita.» Numero yetu! (Avio yenye kuleta numero ya kufuata ilikuwa imechelewa, karatasi yake ikatangulia na kamiyo.) Ningeitupa mu moto, ingeisha pale. Lakini nilijiambia, Kavira, Mungu mwenyewe amefunga ile sabuni. Nikashika majibu kwa kichwa, natwanga sombe, majani ya muhogo, narudilia: âne, canard, bouc. Punda, bata, beberu. Nilishangaa kidogo, wanyama tupu, lakini nikasema labda mwenye kuandika alikulia ku shamba.

Siku ikafika. Sale imejaa, wamama wa kwaya mbele, Padri amechora vijumba ku tablo, Muzee anasoma. Nilikuwa nimevaa kikwembe kipya. Akasema, «Neno la kwanza: mama yetu siye wote, herufi tatu...»

Hakumaliza. «Âne!» nikapaza sauti, mukono juu. «Punda!»

Vichwa vyote vikageuka. Ningekaa, wangesema nilisikia mubaya. Lakini hapana, nikasimama. «Hesabuni! A, N, E, iko tatu!»

Kicheko kikaanza nyuma. Mama mumoja wa kwaya akasema, «Mwalimu, Eva amekukosea nini?» Muzee, mutu wa huruma, akakimbilia ulizo la pili ili aniokoe: mwimbaji ambaye sauti yake inachezesha Kinshasa nzima, herufi sita. Miye, na ile jasho, «Canard!»

Katembo akaruka. «Bata? Ule mwimbaji wangu, bata?»

La tatu lilikuwa Baba Mutakatifu wa Roma, herufi ine. Nimekwisha kusema «Bou...» na macho yangu yakakutana na macho ya Padri, na njo pale nilifahamu: yalikuwa majibu ya mokruaze ya watoto! Karatasi ilikuwa imechanika pale paliandikwa «watoto».

Nikasema, «Padri, niliiba majibu. Na hata kuiba sikujua.»

Nikatoka mbio. Muzee akanifuata polepole mupaka ku barabara, akapumua, akasema, «Kavira, ile sinema ya Kisangani naelezeaka kila samedi, sikuingia hata siku moja. Nilikuwa naangalia picha za ku mulango.» Tukaangaliana. Tulicheka mupaka machozi, na yangu hayakuwa ya kicheko tu.

Ufunguo alipewa Katembo, na haki yake. Samedi yenye kufuata nilienda ku studio na woga, nikamukuta ametoa radio yake mbele ya mulango. «Kaa,» akasema, «usikilize ile sauti ya bata.» Nikasikiliza. Ilikuwa sauti nzuri sana, na nilikuwa na miaka makumi mbili na saba, ndiyo mara ya kwanza kusikiliza radio. Kisha akaniambia, «Weye mwalimu, nisaidie na vile vitabu, miye navipanga sawa picha, virefu nyuma.» Tukafungua ile nyumba pamoja, na watoto wangu wa Shari wakaingia, kila mutoto na kitabu chake ku magoti.

Tangu ile siku, jibu nisilokuwa nalo silisemi. Na kila mwaka, siku ya kwanza ya masomo, mbele ya kuandika hata herufi moja ku tablo, nawafundisha watoto kusema «sijui» kwa sauti kubwa, wote pamoja, na siye wote tunacheka.