Neno Nililomtungia Mwalimu

Swali moja lilininyima usingizi: je, mtu anaweza kumtungia mgombea asiyemjua neno la sifa, kisha aseme si kosa lake watu wakilifuata?

Mgombea alikuwa mwalimu mstaafu, anatafuta kiti cha wadi yetu upande wa Tetu. Mimi nilikuwa na digrii na muda mwingi. Rafiki aliyemchapia fulana mjini Nyeri aliniomba neno, nikaunganisha mwalimu na homa: Mwalihoma. Dakika tano tu. Baada ya wiki mbili lilikuwa migongoni mwa waendesha bodaboda hadi Karatina. Mmoja akilipaza, wengine wanajibu, "Imepanda!"

Jumatatu mgombea alifika kwenye kituo chetu cha kupimia majani chai. Kwetu hakuna mgeni anayehutubia kabla majani hayajapimwa. Siku hiyo Mwalihoma ilipopazwa, wote walisahau. Mama yangu, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake, aliacha gunia lake juani akaenda kucheza, na wenzake wakamfuata. Waliporudi, majani yalikuwa yamepata moto na kuwa mekundu.

"Siwezi kuyachukua," karani alisema. "Hata wewe, mwenyekiti? Hiyo homa imekushika vibaya."

Nyumbani Mama alicheka, kisha akanigeukia. "Wewe ndiye umesoma. Kikundi kinaningoja niseme tumpigie nani. Huyu mtu ni mzuri?"

Nikamwambia ngoja nifikirie. Nikisema ndiyo, nadanganya. Nikisema hapana, nadanganya pia. Labda ni mtu mzuri sana. Labda fulana ndizo nzuri.

Asubuhi nilimfuata shambani, akichuma. "Mama, lile neno nililitunga mimi. Mwenyewe sijawahi kumuuliza hata swali moja."

Mikono yake haikusimama. "Ati wewe? Na ulikuwa unaniangalia tu nikikata kiuno?"

"Niliona haya."

"Haya, muulize. Anarudi Alhamisi. Mimi sitawaambia wanawake kitu mpaka nisikie."

Alhamisi majani yalipimwa kwanza. Mgombea alipomaliza kuhutubia, nilinyoosha mkono nikapewa kipaza sauti.

"Mwalimu, mvua ikinyesha lori la majani halifiki hapa. Ukichaguliwa, utafanya nini, na lini?"

"Mwalihoma!" vijana wakapaza.

"Imepanda!"

Mgombea alitabasamu, akawapungia mkono. Nilishikilia kipaza sauti mpaka wakachoka, nikauliza tena.