Zile Moja Kumi na Moja

Mwaka wa tatu wa ndoa yetu, mume wangu aliteleza kwenye njia ya mteremko akitoka shule, akavunjika mguu. Ilikuwa enzi za Mwingereza, naye alikuwa mwalimu wa hesabu hapa Mhezi, huku milimani. Wanaume wanne walimbeba kwa machela hadi hospitali. Alirudishwa amefungwa plasta kuanzia pajani mpaka kisiginoni, akaambiwa asikanyage chini miezi miwili.

Mtu aliyezoea kusimama mbele ya darasa hajui kulala. Siku ya tatu aliomba daftari na penseli. Akaandika kumi na moja. Chini yake mia moja kumi na moja, kisha elfu moja mia moja kumi na moja, akaendelea hivyo kuongeza moja mwishoni, na kila namba akaitafutia itakayoigawanya bila kubakiza kitu. Nyingi zilikubali. Ile yenye moja saba ilimtoa jasho mpaka alipofika mia mbili thelathini na tisa. Lakini alipopanga moja kumi na moja, 11,111,111,111, kila alichojaribu kilikataa.

"Hii nayo ina nini?" aliniuliza.

Mimi nilikuwa nimeishia darasa la nne, ila kugawanya nilijua. Nikamwomba tusaidiane. Jikoni nikisubiri makande yaive, na makande hayana haraka, nilikaa na daftari gotini. Alinifundisha nisijisumbue na nne wala sita, kwani namba isiyokubali mbili haiwezi kukubali nne. Zile zilizobaki za kujaribu, siku hizi shuleni wanaziita namba tasa, neno ambalo mimi nisingelichagua. Wakati ule nilikuwa bado sina mtoto.

Asubuhi moja niligawanya kwa arobaini na moja, hakikubaki kitu. Nikarudia. Hakikubaki kitu. Nikakimbilia chumbani, mwiko mkononi.

"Mwalimu! Imekubali!"

Mama mkwe, aliyekuwa akimenya ndizi uani, akaja kuuliza nani amekubali nini. Mume wangu alichukua daftari, akapitisha kidole juu ya moja zangu, akizihesabu polepole.

"Mke wangu, umeandika kumi."

Nikaongeza ile niliyoisahau, nikagawanya upya. Ikabaki moja. Nilikaa ukingoni mwa kitanda.

"Sasa niambie," nikamwuliza, "zikiwa kumi zinagawanyika, zikiwa kumi na moja hazitaki. Kwa nini?"

"Sijui," akasema. Kwenye hesabu sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo.

Mama mkwe alitutazama, mmoja baada ya mwingine. "Kilichovunjika ni mguu, au ni kichwa?"

Plasta ilipoondolewa tulikuwa tumekaribia mia tano. Mume wangu alimwandikia rafiki yake aliyefundisha sekondari kule Tanga, akadai kwamba namba hiyo haigawanyiki kabisa. Majibu yalipanda kutoka posta ya Same baada ya wiki kadhaa. Rafiki alisema ameikuta kitabuni: inagawanyika kwa 21,649, na jibu lake ni 513,239.

Sikuamini. Nilizidisha mwenyewe, ukurasa mzima. Zikatoka moja tupu. Nikazihesabu mara mbili: kumi na moja. Mume wangu alicheka. Mimi hata kufurahi sikuweza. Kwa mwendo wetu ule, tungefika huko lini? Na huyo aliyefika wa kwanza, nyumbani kwake nani alikuwa akipika?

Mchana ule mume wangu aliandika moja kumi na mbili, akanisogezea. Nikashika penseli, nimejiandaa kwa miezi mingine. Ikagawanyika kwa tatu, palepale. Nilidhani nimekosea kuandika tena, nikahesabu. Zilikuwa kumi na mbili kamili. Nikamrudishia daftari lake, nikaenda kuchambua maharage.