Anatoli wa Pili

Saa tatu asubuhi, Gitega. Kabla hajagusa kompyuta, Swabra Hamadi anapiga simu Butihinda, upande wa Muyinga. "Mzee Anatoli, uko?" Mtu anakohoa kule, kisha anajibu: "Nipo, mwanangu." Hapo ndipo binti huyu wa fundi cherehani anaanza kazi.

Swabra, 27, anaandika programu za ushirika wa wakulima. Orodha yake ina kaya 1,840, nyingi za waliorudi kutoka kambi za wakimbizi Tanzania. Mwenye kaya akiwa hai, anapewa kilo kumi za mbegu ya mahindi. Akiandikwa marehemu, jina linageuka kijivu na mbegu zinasimama.

Septemba alitaka kujaribu kitufe cha marehemu. Akanakili orodha ili asiharibu ile ya kweli, akachagua jina lolote tu. Likatokea la Anatoli, mkulima wa miaka 58, akamwandika marehemu.

Siku mbili baadaye Bonifasi, mgawaji wa mbegu, akampigia Swabra simu. "Iko mzee hapa kwenye mstari, lakini liste inasema alishakufa."

Swabra akafungua orodha zote mbili sambamba. "Mi nikamrudisha hai kwenye ile ya majaribio peke yake. Na ile ya kweli ikabadilika, yenyewe. Sikuigusa. Nikasema hili ni jini, nikatoka nje."

Jini hakuna. Ukinakili anwani za nyumba kwenye karatasi ya pili, hujajenga nyumba mpya. Anayebomoa kwa karatasi hii amebomoa na kwa ile. Swabra alinakili orodha, hakunakili watu.

Lakini orodha ya karatasi aliyokuwa nayo Bonifasi ilikuwa imekwisha kupigwa mihuri, na kuibadilisha kulichukua siku kumi na moja, mvua zikinyesha. Anatoli anasema majirani walimsalimu wakiwa mbali. "Kambini aliyetoka kwenye orodha hakula," anasema mkewe, Kasilda. "Shambani nilikuwa namwita kila mara, sina hata neno la kumwambia. Nataka tu aitike."

Mbegu zilifika, wakapanda kwa kuchelewa. Swabra naye akarekebisha programu: sasa inanakili orodha na kila mtu aliyemo. Wapo Anatoli wawili, na wa pili anaweza kufa bila kumdhuru wa kwanza.

Hata hivyo hajamuua. Anapanga kujaza orodha ya majaribio watu ambao hawajawahi kuzaliwa popote, ili asiguse tena jina la mtu. Kwanza lazima amfute Anatoli wa pili. Alimpigia mzee kumwomba ruhusa, bila kujua kwa nini anaiomba.

Mzee aliuliza kwanza: "Huyo naye ana mke?"

"Iko naye. Mama Kasilda pia tulimnakili."

"Basi waache wavune kwanza, mwanangu. Ndipo uwafute."

Swabra ameandika kwenye kalenda: Februari.