Unga Mweupe wa Kinanda

Kinanda cha mabomba kilifika kanisani kwetu Abu Hamour, katika nchi ya Kiarabu tunakofanya kazi, kikiwa kimefunguliwa vipande vipande, ndani ya masanduku, kutoka kanisa moja la Ulaya lililofungwa. Kilikuwa na zaidi ya miaka mia. Fundi wa kukifufua alikuwa mzee wa Kiganda aliyejifunza kazi hiyo kwao. Mimi naimba kwaya, kwa hiyo nikitoka zamu hospitalini nilikuwa nampitishia chai kwenye ukumbi wa mazoezi, alikoyalaza mabomba sakafuni.

Mabomba yalikuwa ya madini ya risasi na bati, na ya zamani zaidi yalikuwa yameota unga mweupe. Mzee aliukwangua kwa msasa, kisha akaupuliza kwa mdomo. Nje joto lilichoma, milango ilifungwa, na kiyoyozi kiliuzungusha unga ule hadi kwenye mkate wake.

"Mzee, vaa barakoa basi."

"Dada yangu, nikiivaa sipumui. Hii kazi nimeifanya toka ujana."

Kwanza aliacha kula. Tumbo linamnyonga, alisema, ni chakula tu cha kempu wanakolala wafanyakazi. Halafu yeye aliyekuwa mcheshi akawa anafoka bila sababu. Siku moja nilimpa kikombe, akanyoosha mkono, na kiganja kikaning'inia kama hakina mfupa. Chai ikamwagika. Akakiinua kiganja kile kwa mkono wa pili, akakiweka juu ya goti.

"Nimeulalia huu mkono."

"Hukuulalia, mzee. Twende hospitali."

"Pasaka ikipita."

Nilimwendea padre. Naye akaitaja Pasaka, kwamba siku hiyo kinanda lazima kipigwe. Nikamwambia sitoki mlangoni pake mpaka achukue funguo za gari. Alizichukua. Vipimo vilionyesha damu ya mzee imejaa sumu ya risasi.

Alitibiwa, akarudi kwao. Kwenye simu huniambia kiganja sasa kinainuka kidogo, ila kufunga vifungo vya shati bado hawezi. Kinanda kilimaliziwa na mafundi wengine, waliokuja wamejifunika mwili mzima.

Ijumaa, siku yetu ya ibada huku, kilipopigwa kwa mara ya kwanza, ngurumo yake ilitetemesha viti, na watu wakatokwa na machozi. Pembeni yangu alisimama mwenzangu wa kwaya, mjamzito, akiimba huku ameshika tumbo. Ndiye aliyekuwa akiufagia unga ule ukumbini kila tulipomaliza mazoezi. Nilikuwa nimemshawishi akapimwe damu, na majibu yalikuwa hayajatoka.