Kibodi ya Springi Kutoka Lamadi

Mimi ni mpiga chapa. Kazi nilijifunzia katika ofisi ya kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bariadi, kwenye kibodi nzito za zamani, zile ambazo kila herufi ukiibonyeza inalia tak. Kiwanda kilipofungwa nilipewa moja, nikaenda nayo kwenye steshenari yangu karibu na soko. Wasichana niliowafundisha walipokosea na kusingizia mashine niliwaambia, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Sikuwa na huruma nao.

Kisha sukari ikaniingia. Ilianza na ganzi miguuni, ikaja vidoleni. Kibodi za siku hizi zina mpira ndani, hazilii, kwangu ni kama kubonyeza ugali. Ile ya kiwandani niliisikia kwa masikio, na ndiyo iliyoniweka kazini. Kazi nyingine siijui. Jembe nililikimbia kijijini Nkoma nikiwa msichana.

Mwaka jana barua zikaanza kutoka ovyo. Nikaipeleka kibodi kwa fundi. Akajaribu herufi zote, moja moja, akasema, "Mama, mbona hii nzima?" Nikamwambia amezaliwa juzi, anajua nini. Nikapanda gari nayo hadi Lamadi, kwa mzee wa chuma chakavu niliyesikia ana vitu vya ofisi.

Vilirundikwa nyuma ya vichanja vya dagaa. Nikazipindua kibodi moja baada ya nyingine. Kwanza uzito: ya kweli inakulemea mkono. Kisha waya, uwe mnene, wenye plagi ya duara. Halafu unang'oa herufi moja uchungulie, ukiona mpira, tupa. Nilitupa nyingi mpaka mzee akaniita mama kwa Kisukuma, akauliza, "Mayu, unachagua kibodi au mkwe?" Ya mwisho ilikuwa na springi. Ilinuka samaki, lakini ililia. Nilifurahi, jamani, nikasahau hata ganzi ya miguu. Ile yangu nikaitupa kwenye rundo lake kwa hasira, nikaondoka.

Kesho yake niliisafisha kwa mswaki, nikaiunga kwa adapta. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, mteja wangu wa siku zote, na barua ya kudai kiwanja chake ameiandika kwa mkono. "Mwangaluka, mayu," akanisalimu, akakaa. Nikapiga macho yakiwa kwenye karatasi yake, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Hakuna herufi iliyogoma. Nikachapa, nikampa.

Alivaa miwani, akasoma, akanirudishia. Mahali pa "Ndugu" palikuwa na "Mdigi", na chini yake hivyo hivyo hadi mwisho.

Nikatazama mikono yangu. Wa kulia ulikuwa umehama herufi moja. Kwenye F na J kuna vinundu vidogo, ndivyo vinavyomwonyesha mpiga chapa mahali pa kuweka vidole. Nikakisugua cha J kwa kidole cha shahada. Nikakisugua tena, kwa nguvu. Sikuhisi kitu. Nikainama nikakiona kwa macho, kipo, na kidole changu kiko juu yake.

Yule fundi alisema kweli. Ile ya kiwandani niliiacha Lamadi ikiwa nzima, na hakuna rundo la chuma ambalo ningeweza kulipekua nikapata vidole. Niliogopa kuliko siku nilipoambiwa nina sukari.

"Hii nayo imekufa, mayu?" mwalimu akauliza taratibu.

"Imekufa, mwalimu," nikamwambia, nikaichomoa.