Siku Tuliyobishania Filamu ya Wavamizi wa Angani

Siku ile naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na kila nikiikumbuka nakasirika upya. Jana nilikusikia sebuleni ukimfokea dada yako kwamba filamu yenu ya viumbe wa angani imeibwa kutoka vitabu vya zamani. Ulikuwa na hoja. Mimi pia nilikuwa nazo, tena tele, ndiyo maana leo nataka ukae hapa unisikilize, na hiyo simu uiweke chini.

Tulikuwa tumerudi kutoka Bukavu, upande wa Kongo, tunaishi Kamembe, upande huu wa Rwanda, vita vimetulia kidogo. Nilikuwa nimesoma kwa mapadri, na maktaba yao ilikuwa na rafu nzima ya riwaya za Kifaransa juu ya wavamizi kutoka nyota nyingine. Nilizimaliza zote. Nikajiona msomi, hata kutembea nikatembea kisomi, Mungu anisamehe.

Jumapili mchana tulikwenda kutazama video kwa Mzee Ramazani, fundi cherehani, aliyekuwa na chumba cha mabenchi nyuma ya duka lake. Filamu ilikuwa ya Kiingereza na hakuna aliyekielewa, kwa hiyo mfasiri wa pale, Papa Kizito, alisimama kando ya televisheni na mikrofoni yake akatufasiria. Papa Kizito alikuwa na desturi moja. Filamu ikifika mahali watu wanakimbia, aliyaacha maneno ya filamu, akataja majina ya watu waliopotezana na ndugu zao katika mbio zetu za kweli, tulipokimbia vita. Wenye kutafuta walimpa majina mlangoni. Wachuuzi wa Bukavu waliovuka daraja la mpakani la Rusizi ya Pili walikaa humo pamoja nasi, na zaidi ya mara moja mtu aliinuka akasema huyo namjua. Majina yakitajwa, chumba kizima kilinyamaza.

Siku hiyo mabenchi yalijaa, maana ilijulikana kwamba katika filamu hii jiji zima linakimbia. Karibu yangu alikaa Maman Klodi, mkulima wa Nkungu, aliyeteremka kwa miguu tangu alfajiri. Binti yake Neema, wa miaka saba, alimponyoka mkononi upande wa Kongo, siku kambi ya wakimbizi ilipovunjika na watu wakatawanyika. Alinionyesha kwenye mkono wake mwenyewe mahali ambapo mtoto ana kovu la moto. Nilimjibu ndiyo, ndiyo, huku macho yangu yako kwenye televisheni.

Chombo kikubwa kikatanda juu ya jiji. Nikamnong'oneza rafiki yangu Deo kwamba hicho kimetoka katika riwaya ya zamani. Akatokea mtaalamu anayeonya na kuchekwa. Nikasema huyo naye katoka katika riwaya nyingine. Wavamizi wakaonekana wamekuja kwa sababu nchi yao imekauka. Nikacheka kwa sauti, maana hilo nalo nilikuwa nimelisoma. Deo hakupenda. Alisema hao waandishi wangu ndio walioiba kwanza, kwa sababu watu wenye silaha nzito kushuka kwenye nchi ya wengine na kuwaita wadudu, hilo liliwapata babu zetu kabla halijaandikwa na Mzungu yeyote. Leo naona alisema jambo kubwa. Siku ile nilisikia tu kwamba ninabishiwa.

Jiji likaanza kukimbia. Papa Kizito akashusha sauti, akaanza jina la kwanza. Na mimi, mwanangu, nikasimama. Desturi niliijua vizuri, sikuwa nimeisahau hata kidogo, niliidharau. Nilipaza sauti kwamba anatudanganya, kwamba filamu haisemi hayo, kwamba mbio hizi zimenakiliwa kutoka kitabu fulani na naweza kuwaeleza mpaka mwisho wake. Deo akanivuta shati, nikamsukuma, benchi likaanguka na watu waliokuwa juu yake. Chumba kikagawanyika, wengine wakitaka nikae, wengine wakitaka kweli niwaeleze mwisho. Mtu akakanyaga waya na televisheni ikazimika. Wachuuzi wa Bukavu wakakusanya mizigo yao wakaondoka, wasije wakafungiwa mpaka.

Mzee Ramazani hakunipiga, ingawa nilistahili. Alinishika kola, akanigeuza nimtazame Maman Klodi, aliyekuwa bado amekaa anaitazama televisheni iliyozimika.

"Weye ulisoma kitabu, ni sawa," aliniambia. "Ule mama alikuya hapa juu ya jina ya mutoto yake. Mu kitabu yako, jina ya ule mutoto iko?"

Nilisema tu kwamba lakini filamu imeiba kweli. Ndiyo, nilisema hivyo, mbele ya yule mama.

Kabla ya Jumapili nyingine vita vilianza tena ng'ambo na daraja likafungwa. Lilipofunguliwa, mchuuzi mmoja wa vitenge alilisikia hatimaye jina la Neema, akatoa habari. Alikuwepo chumbani siku ile, kwenye benchi la tatu. Jirani zake walikuwa wakimlea msichana anayeitwa Neema, mwenye kovu la moto, lakini walikimbia vita na hakuna aliyejua walielekea wapi. Maman Klodi alivuka, akaikuta nyumba yao haina mlango. Alimtafuta mpaka alipokufa, na hakumpata.

Kwa hiyo usiniambie kwamba ulikuwa sahihi. Hata mimi nilikuwa sahihi, na usahihi wangu umeninyima usingizi miaka yote hii. Soma, mwanangu, linganisha, jua nani kaazima kwa nani, na mahali pa kubishana ubishane. Ila kwanza tazama nani amekaa humo ndani na amefuata nini. Kama kuna mtu anangoja neno moja, funga mdomo wako mpaka alipate. Na leo nenda ukamwombe dada yako radhi, maana hujui alichokuwa akikitafuta katika filamu ile, hukumuuliza.

Mungu akuzidishie vitabu. Akupe na macho ya kumwona aliye karibu yako kabla hujasimama kusema. Mimi alinipa, nikayakataa.